"Mama, ninunulie za bei": Je, hedifoni ghali husikika vizuri zaidi?

"Shilingi 85,000!" Mwenyeji wetu aliitaja bei hiyo mara mbili, kana kwamba kwa kuirudia ingepungua. Tulikuwa tumeketi uani kwake katika kata ya Kang'ata, Wilaya ya Handeni, jioni ya siku ya kwanza ya semina ya akina mama. Mahindi yalikwisha kupukuchuliwa, na magunia mawili yalisimama ukutani yakingoja mnunuzi. Mwanawe wa kidato cha tatu alituamkia kwa adabu, akatuletea maji ya kunawa, kisha akaingia ndani. Hapo ndipo mama aliposogeza kigoda chake na kutueleza kwa sauti ya chini jambo lililokuwa likimkosesha usingizi.

Kijana anataka hedifoni, zile ndogo za kuingiza masikioni, ambazo wengine huziita spika za masikioni. Alizo nazo zilinunuliwa Sh. 3,000 kwa machinga, stendi ya Korogwe. Anazozitaka ameziona hukohuko Korogwe, dukani, ndani ya kabati la kioo.

"Angekuwa anataka za kusikilizia upuuzi, ningemkatalia mara moja," mama alisema. "Lakini mtoto anaimba kwaya. Anaimba besi. Mwalimu wa kwaya huwarekodia wimbo kwenye simu, kila mmoja akajifunze sauti yake nyumbani. Huyu anasema kwa hizi za elfu tatu besi haisikiki kabisa, anasikia sauti za wenzake tu. Sasa dada zangu, nikimnyima si nitakuwa nimemzuia kuimba?"

Akina mama wenzetu mtaelewa uzito wa swali hilo. Baba wa kijana huenda kutafuta riziki kwenye machimbo madogo ya dhahabu, na fedha yake huja kwa msimu kama mvua. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Lakini sare, viatu na madaftari havikufutwa, na nyuma ya kijana huyu wapo wadogo zake wawili. Sh. 85,000 katika nyumba ile ni fedha ambayo ikitoka, kuna kitu kingine hakitanunuliwa.

Sisi wenyewe hatukuwa na jibu tayari. Mmoja wetu alikuwa na hedifoni mkobani zenye bei kubwa kuliko hizo, zaidi ya laki mbili, zawadi ya bintiye aliyeko Dar es Salaam. Naye aliungama mbele yetu kwamba tangu azipate hajajua kama ni nzuri kweli, au amezoea tu kuambiwa kuwa ni nzuri. Tulicheka sana, lakini ungamo hilo ndilo lililotutia hamu ya kulichunguza jambo lenyewe.

Tulijifunga kanga machoni

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, tulifanya jaribio letu. Tulikuwa na jozi tatu, zote za waya: za kijana za Sh. 3,000, za jirani ambazo alizinunua Sh. 15,000, na zile za laki mbili. Akina mama watano walikubali kufunikwa macho kwa kanga. Mwingine alishika simu, akawa anabadilisha jozi bila kusema neno, na wimbo ulikuwa uleule mmoja wa kwaya. (Tulikuwa tukizifuta kwa kitambaa safi kila mara zilipohama sikio. Msisahau hilo, maana uchafu wa sikio la mtu si kitu cha kugawana.)

Duru ya kwanza ilitushangaza. Karibu wote walisifu za elfu tatu! Jirani yetu mmoja alisema hizo ndizo "zina nguvu". Tukataka kuamini kwamba siri imefichuka, hadi kijana, aliyekuwa akitutazama kutoka mlangoni, aliposema kwa upole, "Shikamooni mama zangu, lakini hizo zinapiga kelele kuliko nyingine. Simu haijabadilishwa sauti."

Mtoto alisema kweli. Hedifoni mbili zikichomekwa kwenye simu moja, moja yaweza kutoa sauti kubwa kuliko nyenzake, na sikio la binadamu hudanganyika kwa urahisi: lenye sauti kubwa kidogo hulihesabu kuwa ndilo bora. Wataalamu wa sauti wanalijua jambo hili, na ndiyo sababu katika majaribio yao husawazisha ukubwa wa sauti kwanza. Wauzaji nao wanalijua. Ukiingia dukani na muuzaji akakuongezea sauti anapokuvalisha zile za bei kubwa, ujue hujasikia ubora, umesikia kidole chake.

Tukarudia, safari hii tukipunguza na kuongeza mpaka zote zilingane kadiri ya uwezo wetu. Sasa maneno yakatofautiana. Watatu walizipenda zaidi za elfu kumi na tano. Mmoja alizipenda za laki mbili. Mmoja alisema haoni tofauti yoyote, akaomba afunguliwe kanga kwa sababu jua lilikuwa kali. Za elfu tatu zilianguka: upande mmoja ulikuwa ukisikika hafifu, na waya ukiguswa sauti ilikatika.

Kilichotuchekesha ni mwisho wake. Tulipozifunua na kutaja bei, mama mmoja aliyekuwa amesema kwamba zile ghali "wimbo uko mbali" aliziomba tena, akasikiliza huku macho yamefumbuliwa, akatikisa kichwa kwa heshima. "Aa, sasa nasikia kinanda vizuri!" Wimbo ulikuwa uleule, na simu ileile. Kilichoongezeka ni bei.

Jaribio la uani si la maabara, hatudai hivyo. Kanga hufunika macho, haifuniki ngozi ya sikio, na kila mmoja alihisi umbo la alichovalishwa. Lakini tuliporudi nyumbani tulitafuta yaliyoandikwa na wenye vipimo, tukakuta kwamba akina mama wa Kang'ata hawakuwa mbali na wataalamu.

Waliopima walikuta nini

Mwaka 2017 mtafiti aitwaye Jeroen Breebaart alichapisha katika jarida la Chama cha Akustika cha Marekani matokeo ya kupima hedifoni 283 za aina mbalimbali, zikiwamo hizi za kuingiza masikioni. Alipima namna kila moja inavyotoa sauti nene, za kati na nyembamba, kisha akalinganisha na bei ya dukani. Hakuona uhusiano wowote. Kwa kipimo hicho, hedifoni ya bei kubwa haikuwa na dalili ya kukaribia usahihi kuliko ya bei ndogo.

Dakta Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman ya Marekani walikwenda kwa njia nyingine. Waliwasikilizisha watu bila kuwaonyesha chapa wala bei. Katika utafiti wao wa mwaka 2014 waliwatumia wasikilizaji kutoka Marekani, Kanada, Ujerumani na China, wenye mazoezi ya kusikiliza na wasio nayo. Wengi wao, wa nchi hizo zote, walipendelea mlingano wa sauti wa namna moja: besi ya kutosha bila kufunika maneno, na sauti nyembamba zisizochoma. Mlingano huo hauna ghali ndani yake. Unatokana na mtengenezaji kujua anachokitafuta.

Na ule mzaha wa mama aliyesikia kinanda baada ya kusikia bei? Nao umepimwa, ingawa kwa mvinyo. Mwaka 2008 watafiti wa Kalifonia waliwaonjesha watu mvinyo, mmoja na uleule, mara wakiambiwa bei yake ni dola 10, mara dola 90. Walioambiwa dola 90 waliufurahia zaidi, na mashine iliyokuwa ikitazama ubongo wao ilionyesha kwamba furaha hiyo haikuwa ya kuigiza. Hivyo tusimcheke mwenzetu. Alisikia kweli alichosema amesikia. Bei ilikuwa imeingia sikioni kabla ya wimbo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hedifoni tunaona mithali hiyo imepata taabu, maana siku hizi hata kilicho kizuri kinajitembeza kwa matangazo, na kibaya kimejifunza kukaa ndani ya kabati la kioo.

Besi ilikuwa inavujia wapi

Sasa turudi kwa kijana, maana yeye hakulalamika kwa jambo la kubuni. Besi kweli haikuwa ikisikika.

Ndani ya kila upande wa hedifoni mna kiwambo chembamba mithili ya ngozi ya ngoma, koili ya waya mwembamba na sumaku. Umeme wa simu hupita kwenye koili, koili husukumana na sumaku, kiwambo hutikisika na kusukuma hewa iliyo katika tundu la sikio. Sauti nyembamba hufika bila taabu. Lakini sauti nene hutaka tundu lizibwe sawasawa. Kukiwa na upenyo, hewa huvujia nje, na besi huenda nayo. Ni kama pampu ya baiskeli isiyoshika vali: unasukuma kwa nguvu zako zote, tairi halijai.

Kazi ya kuziba ni ya vile vipira laini vilivyo nchani. Watu wengi hawavitazami kabisa. Hedifoni hununuliwa ikiwa na vipira vya ukubwa wa kati, na ndivyo vinavyovaliwa mpaka vipotee, ingawa masikio ya watu hayalingani, na hata ya mtu mmoja, la kulia na la kushoto, huenda yasilingane. Za elfu tatu zilikuja na jozi moja tu ya vipira. Za jirani zilikuwa na jozi tatu, ndogo, za kati na kubwa, na mbili kati ya hizo zilikuwa bado zimo kwenye kimfuko chake, hazijawahi kuguswa.

Tulimwita kijana. Kwanza mama yake alichukua njiti ya kiberiti iliyoviringishiwa pamba, akasafisha kile kiwavu kidogo cha upande uliokuwa hafifu. Kilichotoka hapo hatutakieleza katika kurasa za gazeti linalosomwa mezani. Kisha tukajaribu vipira vya jirani kwenye hedifoni zake zile za elfu tatu. Vikubwa vilimuumiza. Vya kati vilikaa vyema kulia, lakini kushoto vilikuwa vikichomoka kila alipofungua mdomo, na mwimbaji hawezi kujifunza wimbo mdomo umefungwa. Tukaweka kidogo kushoto, cha kati kulia.

Alisikiliza kwa muda. Halafu akaanza kuimba taratibu, chini kabisa, ile sauti ambayo kwa wiki mbili alikuwa akisema haimo kwenye rekodi.

Mama yake hakusema neno. Alitazama upande wa yale magunia.

Fedha hununua nini basi

Tusije tukaeleweka vibaya, tukadhaniwa kuwa tunasema za elfu tatu zatosha. Hazikutosha. Waya wake ulikuwa umelegea, na sauti ilikatika alipogeuza shingo. Hatua ya kutoka kwenye zile za chini kabisa hadi za bei ya wastani huonekana, tena hata kwa sikio lisilo na mazoezi: pande mbili zinalingana, waya unadumu, vipira vinakuja vya kuchagua. Baada ya hapo ndipo msikilizaji wa kawaida huanza kulipia vitu vingine. Vyaweza kuwa vitu halali kabisa. Zipo zenye kipaza sauti kizuri cha kuongelea na simu, zipo zisizo na waya, zipo zinazopunguza kelele za nje kwa ufundi wa umeme, nazo ni neema kwa mtu anayesafiri kila siku katika basi. Fundi wa kurekodi muziki naye atataka zake, na ana sababu. Hata hivyo hizo ni sababu za kazi na starehe, wala si ahadi kwamba wimbo utasikika mtamu mara tano kwa sababu umelipa mara tano.

Aidha, kuna wimbo wenyewe. Nyimbo nyingi zilizomo katika simu zetu zimepita kwenye memori kadi za watu kadhaa, zimebanwa ili zisichukue nafasi, na nyingine zilirekodiwa kwa simu iliyowekwa juu ya benchi la kanisa. Kilichokwisha kupotea wakati wa kurekodi au kubana hakirudishwi na hedifoni ya bei yoyote. Redio za FM nazo hurusha sauti hadi mitetemo 15,000 hivi kwa sekunde, basi yale maandishi ya kwenye boksi yanayojivunia "20 hadi 20,000" hayana la kukuongezea hapo. Isitoshe, sisi tuliovuka miaka 50 wengi wetu hatuzisikii tena hizo za juu kabisa. Tunalipia tusichoweza kukisikia!

Na iko hatari ya bidhaa bandia. Jina kubwa lililochapwa kwenye boksi zuri si uthibitisho. Nchini Tanzania Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi ya kupambana na bidhaa bandia, lakini Tume haiwezi kusimama nawe kila dukani. Ukinunua bandia ya Sh. 85,000, umepata za elfu tatu katika nguo za harusi.

Jambo ambalo mama hakuuliza

Tulipokuwa tukizijaribu zile za elfu tatu kabla ya kubadili vipira, tuliona kijana alikuwa amezoea kupandisha sauti ya simu mpaka mwisho. Alikuwa akiifukuza ile besi iliyokuwa ikivuja. Hilo lilitutia hofu kuliko bei.

Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutoa kipimo: mtu mzima aweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa juma. Kwa mtoto, ni desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila sauti inapopanda desibeli 3, muda huo hukatwa nusu, hata ikifika desibeli 90 zimebaki saa 4 tu kwa juma zima. Ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vidogo sana zinazopokea sauti, na zikifa haziotei tena. Haziumi zinapokufa. Mtoto huanza tu kusema "eeh?" mara kwa mara, nasi tukamwita mkaidi.

Ndiyo maana vile vipira si jambo la besi peke yake. Vikiziba vizuri, kelele za nje hupungua, na mtu hana haja ya kupandisha sauti. Shirika hilo hushauri sauti ya kifaa isivuke asilimia 60 ya uwezo wake. Tulimwonyesha kijana, naye akashusha, akasikiliza tena. "Bado nasikia," alisema, kama aliyekuwa akitarajia kinyume.

Ilikuwa jioni, tukiosha vyombo pamoja, ndipo alipomwambia mama yake jambo lililobaki. Kwamba besi ilikuwa kweli, lakini pia wenzake wawili wa kwaya wanazo zile za kabati la kioo, naye huficha zake mfukoni anapofika mazoezini.

"Nilijua," mama alimjibu, akiendelea kusugua sufuria. "Mimi nilipokuwa na umri wako nilikuwa nikivua viatu kabla ya kufika kanisani, nikaingia pekupeku, watu wasivione. Nenda kachote maji."

Walikubaliana kwamba mahindi yakiuzwa watakwenda Korogwe wote wawili. Watachukua simu yenye ule wimbo wa kwaya, watajaribu za bei ya wastani zenye vipira vya saizi tatu, na kijana ataimba humohumo dukani, besi yake, kabla ya fedha kutoka. Muuzaji atakayekataa kujaribiwa watamwachia bidhaa yake. Juu ya viatu hawakusema, ila tulisikia mama akimuuliza mdogo wake namba ya mguu.

Asubuhi tukiwa twangoja gari la kwenda Handeni mjini, mwenyeji wetu aliziazima zile za elfu tatu, akajichomeka kwa mara ya kwanza maishani mwake, akafumba macho. Tulidhani anasikiliza besi ya mwanawe. "Kumbe humu kuna mtu anakohoa," akasema. "Tena namjua." Gari lilipokuja bado alikuwa amezivaa, akitupungia mkono, akiongea nasi kwa sauti kubwa mno kama mtu aliye ng'ambo ya mto.